Saa za kuruka: zipi ununue, zipi uziache

Mtoto wa dada yangu ana leseni ya rubani binafsi na saa 71 za kuruka, na sasa anaitafuta leseni ya rubani wa biashara, ile ya kurusha ndege kwa malipo. Wiki iliyopita alinitumia karatasi ya bei kwa WhatsApp: kifurushi cha saa 100 za Cessna 172, ndege ndogo ya viti vinne, unaruka peke yako, punguzo ukilipa zote kwa mkupuo. Chini akaandika, "Mama mdogo, baba yuko tayari kuuza shamba la minazi la Pangani. Nilipie?" Nikampigia, maana habari ya shamba la ukoo haijibiwi kwa kidole gumba. Tuliongea hadi bando likakata. Niliyomwambia ni haya, pamoja na niliyoyakumbuka baada ya simu kukatika.

Chukua daftari la mistari, uchore safu mbili. Upande mmoja andika leseni ya rubani wa biashara inadai nini. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambavyo ndivyo msingi wa kanuni za mamlaka zetu za anga, TCAA kwetu Tanzania na KCAA kwa jirani Kenya, ni saa 200, au 150 kama umesoma kozi moja iliyoidhinishwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kati ya hizo, 100 uwe wewe ndiye rubani kiongozi (kwa wa kozi iliyoidhinishwa ni 70). Ndani ya hizo za uongozi, 20 ziwe za safari za mbali, na iwemo safari moja isiyopungua kilomita 540 ambayo unatua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Kuna pia saa 10 za kufundishwa kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma mishale bila kutazama nje, na za usiku kama unataka kuruka usiku. Safu ya pili andika ulichonacho. Pengo lililobaki ndilo unalonunua, na hilo halina ujanja, utalilipa.

Kijana wetu alipochora alikuta kati ya saa zake 71, za uongozi ni 18 tu. Nyingine zote alikuwa na mwalimu. Kwa hiyo anahitaji 82 za uongozi, na 47 zinazobaki kufikia 200 anaweza kuzitumia kwa mwalimu, vyombo, usiku na maandalizi ya mtihani. Kile kifurushi cha 100 kingemzidishia saa 18 za kuruka peke yake. Tuseme saa ni dola 200: hapo ni dola 3,600 za minazi ambazo angezipeperusha juu ya vilima vya Ngong, Nairobi, bila kuwa na haja nazo, halafu akose za kumlipa mwalimu.

Ukishajua idadi, amua utaziruka wapi. Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Mimi nilisomea Nairobi, uwanja wa Wilson, na saa zangu nyingi za mwanzo nilizimaliza kwa kupiga mizunguko: ruka, zunguka, tua, ruka tena. Ukurasa mzima wa logibuku, daftari la rubani la saa zake, unasoma Wilson kwenda Wilson. Miaka baadaye, kwenye usaili wangu wa kwanza, rubani mkuu wa kampuni aliufunua ukurasa huo, akaupitisha kidole toka juu hadi chini, akaniuliza, "Hapa ulikuwa unajifunza nini?" Sikuwa na jibu.

Safari iliyonifunza ni Wilson, Kisumu, Eldoret, kurudi Wilson. Ni kilomita 600 hivi, kwa hiyo inatosha kuwa ile safari ndefu ya leseni, na 172 inaimaliza kwa saa tatu na dakika kadhaa ukiwa hewani. Unavuka Bonde la Ufa, unapanda kuikabili milima ya Mau, unajifunza kwa nini watu hupita Kericho asubuhi kabla mawingu hayajavimba. Eldoret uwanja uko karibu futi 7,000. Tulifika mchana, jua limewaka, rafiki yangu kiti cha kulia, matangi nimeyajaza Kisumu kama mtu anayekwenda Dodoma kwa basi. Kwa joto lile hewa ilikuwa nyepesi kama ya futi 9,000 na ushei, na kwenye hewa nyepesi ndege hukimbia zaidi chini kabla mshale wa spidi haujafika. Wakati wa kuondoka nikasukuma mkono wa nguvu za injini hadi mwisho, ndege ikaanza kukimbia. Lami inapita kwa kasi kuliko nilivyozoea, macho yananiambia vuta sasa, mshale wa spidi unatambaa 40, 45. Nikayasikiliza macho. King'ora kinachoonya kuwa mbawa zinakaribia kushindwa kuibeba ndege kikalia, magurudumu yakaachia, kisha yakagusa tena chini, rafiki yangu kimya kama maji mtungini. Nikashusha pua, nikasubiri mshale ufike pale kitabu kilipoandika, ndipo ikaondoka yenyewe. Njia ya kurukia ya Eldoret ni ndefu sana. Ingekuwa kiwanja cha porini sijui kama ningekuwa naandika haya. Leo nikiondoka viwanja vya Ruaha mchana na Caravan, ndege ndogo ya abiria ya injini moja, iliyojaa watalii, bado macho yangu siyaamini.

Kwa hiyo kila saa unayoilipia iandikie kazi kabla hujawasha injini. Kiwanja ambacho hujawahi kutua, upepo wa ubavu, kubadilisha njia katikati ya safari kwa makusudi. Ukikosa kazi ya kuandika, rudi nyumbani, pesa itakuwepo kesho.

Sasa malipo. Usilipe mkupuo. Mimi nililipa saa 50 mapema kwenye shule moja ndogo kwa sababu ya punguzo. Nikaruka 19. Ndege yao ya pekee ikaingia karakana kwa ajili ya injini, mwezi ukawa miezi, na mwisho simu zikawa hazipokelewi. Saa 31 hadi leo sijazipata. Lipa kumi kumi. Shule ikikataa kukuuzia kumi, jiulize inahitaji pesa yako kwa ajili ya nini. Na uliza wana ndege ngapi zinazoruka leo, siyo ngapi zimepaki.

Uliza pia ukaguzi wa saa 100 umebakiza saa ngapi. Watu hawaulizi hili. Ndege ya mafunzo hukaguliwa kila baada ya saa 100, na ikibakiza sita, safari yako ya Malindi ya siku mbili itaishia kwa mtu kukwambia, "Rudi haraka, usizunguke."

Halafu mita. Kuna shule zinakutoza kwa mita ya Hobbs, ambayo inahesabu dakika kama saa ya ukutani mara injini inapokuwa hai. Nyingine zinatoza kwa takometa, inayofuata mizunguko ya injini. Injini ikiwa inanguruma polepole, takometa nayo inakwenda polepole. Wilson ina foleni. Ukikaa robo saa kwenye mstari wa kusubiri huku Caravan na Dash 8 zikitangulia, kwa Hobbs umelipa robo saa kamili, kwa takometa umelipa pungufu. Ila kwenye logibuku muda unahesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kwa nia ya kuruka hadi inaposimama mwisho wa safari, kwa hiyo hiyo robo ni yako kihalali kwa mita yoyote. Bei ikiwa sawa, chagua takometa. Na hakikisha bei ina mafuta ndani. Avgasi, mafuta ya ndege hizi, ya kununua mwenyewe inageuza bei nafuu kuwa kichekesho.

(Logibuku iandike kwa saa za Zulu, yaani UTC, saa tatu nyuma ya zetu, tangu siku ya kwanza. Mama yangu akisema saa mbili asubuhi, ratiba ya kampuni inasema 0800, mimi naandika 0500. Nimewahi kuonekana nimetua kabla sijaruka.)

Ukishapata leseni ya biashara, acha kununua. Najua utakachoambiwa: una 200, kampuni zinataka 500 au zaidi kwa sababu ya bima, basi nunua 300 zilizobaki. Kwa dola 200 hizo ni dola 60,000, na mwisho wake unashika logibuku ya mtu aliyezunguka peke yake. Pesa kidogo ya hiyo itumie kwenye kozi ya ualimu. Mwalimu anayefundisha anaandika saa hizo kama rubani kiongozi, analipwa hata kama ni kiduchu, na hakuna kinachokufunza kutua kama kumtazama mwanafunzi akikosea kutua. Miezi kumi na minne ya kufundisha ndiyo iliyoniajiri mimi.

Kuna biashara nyingine usiiguse: kulipa ili ukalie kiti cha kulia kwenye ndege ya abiria. Kwanza, mwenye ndege anakuuzia kazi ambayo angepaswa kukulipa. Pili, angalia saa zenyewe. Caravan imethibitishwa kurushwa na rubani mmoja. Kwa ICAO, kama nchi imelazimisha rubani msaidizi kwenye ndege ya aina hiyo, saa zako kwa kawaida hazihesabiwi zaidi ya nusu kuelekea leseni ya juu. Kama hakuna aliyelazimisha, wewe ni abiria mwenye headseti. Nimeona kijana analetwa mezani na saa 400 za namna hiyo, mkaguzi akatoa peni nyekundu.

Wanaokwenda kutafuta saa Florida au Arizona, Marekani, wana hesabu yao. Ndege ya Colgan ilipoanguka karibu na Buffalo Februari 2009 na kuua watu 50, Marekani ilitunga sheria, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege anahitaji kwa kawaida saa 1,500. Soko la kuuza saa likanona. Marubani wote wawili wa ndege ile walikuwa wameshapita 1,500. Ukienda huko, jua pia kwamba kanuni zao zinaruhusu marubani wawili kuandika muda mmoja, mmoja akiwa amevaa kizuizi asione nje ila vyombo tu, na mwenzake akilinda. Kabla hujarudi na saa hizo, pata jibu la maandishi la mamlaka ya nyumbani kama zitapokelewa.

Minazi haijauzwa. Shemeji amekubali kuuza mavuno ya msimu kwanza. Jana kijana kanitumia picha ya takometa na risiti ya saa kumi. Nikamuuliza ukaguzi wa saa 100 umebakiza ngapi. Ameona ujumbe, tiki mbili za bluu, bado hajajibu.