Jinsi shirika dogo la Lubumbashi linavyoweza kufaidika na sheria za mazingira: hatua kwa hatua

Mashirika mengi hapa Lubumbashi yanaijua sheria ya mazingira kwa upande wa makatazo na faini tu. Mimi kazi yangu ni kuandaa mafaili pamoja na akina mama wa vitalu vya miche, vijana wanaokusanya taka na wakulima wa komini (wilaya ya mji) Annexe, na huwa naanza na jambo hili: kila wajibu ambao serikali imeubebesha mgodi ni kazi, na kazi hiyo lazima ifanywe na mtu. Mgodi wenyewe haupandi miti kwa mikono ya mhasibu wake.

Hatua ya 1: Weka karatasi sawa

Mkiwa ASBL, mnafuata sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyo ya faida. Mnaweza kupokea msaada, kufundisha, kusimamia mradi wa jamii. Ila hamwezi kugawana faida, na mkitaka kuuza miche au kuzoa taka kwa mkataba, ASBL peke yake itawakwamisha. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 juu ya sous-traitance, yaani kazi ambazo kampuni kubwa inawapa wengine kwa mkataba, imetenga kazi hizo kwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani. Kwa hiyo undeni koperative pembeni. Kwa kanuni za OHADA, yaani sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika, watu 5 wanatosha kuanzisha ile ya aina rahisi. Kisha jiandikisheni ARSP, mamlaka inayosimamia sous-traitance. Vyombo viwili, akaunti mbili za benki. Msizichanganye hata siku moja, hata kama rais wa ASBL ndiye mama yuleyule anayeongoza koperative.

Hatua ya 2: Jua pesa inapita wapi

Sheria ya madini (Code minier) ya 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, imefungua milango kadhaa. Miwili inawahusu moja kwa moja.

Wa kwanza ni dotation, yaani fungu la jamii. Kila mgodi unaochimba unatakiwa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa. Mgodi ukiuza kwa dola milioni 100, hiyo ni dola 300,000. Pesa hizo zinasimamiwa na chombo chenye wajumbe wa kampuni na wa jamii. Tafuta mjumbe wa mtaa wako kabla hujamtafuta mkurugenzi.

Wa pili ni mrabaha, yaani malipo ambayo mgodi unailipa serikali kwa madini unayouza. Asilimia 15 yake inakwenda kwa mamlaka ya mahali mgodi ulipo: mji, komini, sekta au usultani. Hapo mnaomba mradi wenu uingizwe kwenye bajeti, na hilo hufanywa bajeti ikiwa bado inaandikwa. Ukifika imeshapigiwa kura, utapewa soda na maneno matamu.

Hatua ya 3: Soma ahadi za mgodi

Hapa ndipo wengi wanaruka, na ndipo ushindi ulipo. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inadai kila mradi unaoweza kuharibu mazingira ufanyiwe uchunguzi wa athari, pamoja na mpango wa kuzisimamia, yaani PGES. Kwenye migodi, faili hizo zinachunguzwa na ACE, shirika la serikali la mazingira, pamoja na idara ya mazingira ya madini, DPEM. Tena mgodi unaweka dhamana ya fedha kwa ajili ya kurudisha ardhi katika hali nzuri.

Ombeni muhtasari wa PGES na cahier des charges (orodha ya ahadi za mgodi kwa jamii) iliyosainiwa na jamii. Someni na kalamu mkononi. Pigeni mstari chini ya kila kitenzi: kupanda, kumwagilia, kuchimba kisima, kupunguza vumbi, kufundisha. Kila kitenzi ni soko. Kisha jiulizeni bila kudanganyana: kipi tunakiweza mwezi ujao?

Chukua kitalu. Nimeona vitalu vyenye maparachichi na mikaratusi tu vikiomba kazi ya kurudisha mimea kwenye ardhi ya mgodi. Haiendi. Udongo wenye shaba nyingi unaua miche mingi ya kawaida. Pale Penga Penga, kwenye udongo uliochafuliwa na moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba, watafiti wa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) walijaribu nyasi za asili zinazovumilia shaba, na miti pia. Nendeni kitivo cha kilimo mkaulize ni mimea gani ilishika. Kusanyeni mbegu za miti ya miombo, misitu ya asili ya huku kwetu, wenyewe, maana misitu hiyo inaisha kwa sababu ya makala (makaa) tunayopikia kila siku. Mkiwa na miche ya namna hiyo, nyinyi ndio mtatafutwa.

Hatua ya 4: Andika barua fupi

Barua itaandikwa Kifaransa, lakini mwili wake uwe hivi:

“Bwana Mkurugenzi, katika PGES yenu, ukurasa fulani, mliahidi kupanda miti kwenye hekta kadhaa. Tuna kitalu chenye miche ya miombo, umbali mfupi kutoka kwenu. Tunaomba kuwatembelea tuwape bei.”

Msiandike kwamba mnateseka. Wekeni bei ya mche mmoja, pamoja na kuumwagilia kiangazi kizima, kuanzia Mei mpaka mvua zirudi. Mgodi unahitaji mti ulio hai siku ya ukaguzi. Kopi peleka DPEM na komini, na kila kopi irudi na muhuri wa accusé de réception, yaani uthibitisho kwamba imepokelewa.

Kama hamko karibu na mgodi

Dekreti ya mwisho wa 2017 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Utekelezaji ni wa kusuasua, kwenye soko la Kenya hapa Lubumbashi unaona mwenyewe, kwa hiyo mifuko ya karatasi isiwe biashara yenu pekee.

Vijiji vyenye msitu vina nafasi bora zaidi: dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake kihalali, hadi hekta 50,000, bila kulipia na bila kikomo cha muda. Anzeni kwa kuchora ramani pamoja na vijiji jirani, machifu wote wakiwepo na kusaini, kwa sababu ugomvi wa mipaka ndio unaochelewesha faili kuliko saini ya gavana.