Namna ya kusoma usajili wa mapema wa timu ya besiboli, kwa sisi tuliozoea Simba na Yanga

Mwangaluka wanangu. Juzi kuna dogo pale Kirumba kaniuliza, eti bro hii besiboli yako unayoiangalia mwezi wa 11, wanacheza saa ngapi? Nikamwambia mwezi wa 11 hawachezi kabisa, ligi kuu ya Marekani (MLB) imeisha. Akanishangaa, sasa unaangalia nini? Naangalia usajili. Akaelewa palepale, maana usajili Mtanzania hafundishwi, yupo mtu Igoma huko hajawahi kukanyaga uwanja wa Kirumba hata siku moja ila anajua mkataba wa beki wa kushoto unaisha lini.

So hii ni kwa wale mnaotaka kuanza, hata kama sheria za mchezo hamzijui sana sio tatizo, utazijua mbele ya safari. Chagua timu moja tu kwanza, usifuate zote 30 utachanganyikiwa.

Kitu cha kwanza ni saa. Kuanzia mwanzo wa Novemba wamarekani wanarudisha saa zao nyuma, kwaiyo Mwanza tunakuwa mbele ya New York kwa masaa 8. Mchana wao ndo usiku wetu, habari nyingi zinaanza kumwagika kuanzia saa moja jioni mpaka saa nane usiku, saa zetu. Mi nashughulika na dagaa Mwaloni so usiku niko macho tu nasubiri mitumbwi, isipokuwa mwezi ukiwa mkubwa, dagaa hawavuliwi vizuri taa zikishindana na mwezi, siku hizo nalala na asubuhi nakuta nimepitwa. Na kuna kitu cha ajabu, dili mbili kubwa kuliko zote zimetufikia siku ya Uhuru wetu. Shohei Ohtani, yule staa wa Kijapani, alitangaza anaenda Dodgers ya Los Angeles tarehe 9 Desemba 2023, kwetu ilikuwa kama saa tano usiku. Mwaka uliofuata Juan Soto na Mets ya New York, kwao ilikuwa bado Jumapili usiku tarehe 8, kwetu kumekucha tarehe 9. Toka hapo tarehe 9 Desemba mi bando naweka la kutosha.

Sasa jambo ambalo watu wetu wanakosea mapema: kule hamna dirisha la kufungwa kwa mchezaji huru. Sisi tumezoea dirisha likifungwa saa sita usiku basi, mpaka dirisha dogo. Kule World Series (fainali yao) ikiisha, mwisho wa mwezi wa 10 au mwanzo wa 11, mchezaji mwenye miaka 6 ya utumishi kwenye ligi kuu na mkataba wake umeisha anakuwa huru, na anaweza kusaini Novemba, akasaini Januari, akasaini hata mwezi wa tatu ligi inakaribia. Ndo maana anayesaini mapema jiulize kwanini kawahi. Mara nyingi utakuta ni kecha (mdakaji mpira), au pitcha (mrusha mpira) wa kuingia mwishoni mwa mechi, au mtu katoka majeruhi anataka uhakika wa kula yake. Wale wakubwa wakala wao anawaambia kaeni, bei ipande, kama mama mwenye sangara mkubwa saa kumi na mbili asubuhi, hauzi kwa mnunuzi wa kwanza.

Kwaiyo mwezi wa 11 usingoje majina makubwa. Angalia ofisi. Hapa ndo nataka mnisikilize vizuri maana ndo sababu ya kuandika yote haya.

Kwanza majina ya vyeo, yatakuchanganya. Kwetu meneja wa timu ni yule anayehangaika na basi, hoteli, jezi na leseni. Kwenye besiboli meneja ndo kocha mkuu, yule anayepanga kikosi na kutoka kwenda kumtoa pitcha. Halafu kuna meneja mkuu, wanamwita GM, huyu hakai benchi, huyu ndo anasajili. Na juu yake siku hizi timu nyingi zina rais wa operesheni za besiboli, ndo mwenye neno la mwisho kwenye usajili, tajiri anatoa hela tu (inatakiwa iwe hivyo, wapo matajiri wanaopenda kuingilia, hilo nalo sio geni kwetu). Chini yao kuna mkurugenzi wa maskauti, mkurugenzi wa timu za ligi ndogo ambako vijana wanakuzwa, na wachambuzi wa data ambao wengi hawajawahi kushika gongo. Theo Epstein alipewa u-GM wa Red Sox mwaka 2002 akiwa na miaka 28, hakuwahi kucheza ligi kuu, na 2004 wakabeba ubingwa waliokuwa wanausubiri miaka 86. Akahamia Cubs, 2016 wakabeba, hao walikuwa wamesubiri miaka 108. Mia na nane! Pamba walikaa nje ya ligi kuu miaka ishirini na kitu mpaka 2024 tukadhani ni laana.

Sasa ukisikia timu yako imeajiri mtu wa ofisini, usimuulize ni nani, uliza katoka wapi. Kama katoka Tampa Bay Rays kaa mkao wa kula. Rays ni timu ya mfuko mdogo, mishahara yao ni ya kubana, ila wanashinda kwa akili, kwaiyo wenye hela wanawaibia watu wao. Andrew Friedman alitoka huko akaenda Dodgers Oktoba 2014, sasa hesabu: 2020 bingwa, 2024 bingwa, 2025 bingwa. Na Marlins walipompa Kim Ng u-GM Novemba 2020, mwanamke wa kwanza kupewa cheo hicho ligi kuu, baada ya 2023 akaondoka, na walimleta nani? Peter Bendix, wa Rays. Mtu wa Rays akiingia, tegemea timu iuze wenye majina na kukusanya vijana, so usije ukaanza kutukana mwezi wa 12 kwamba mbona tunauza tu, ndo kazi aliyoajiriwa kufanya.

Mfano ninaoupenda mimi ni Texas Rangers. Desemba 2020 wakamwajiri Chris Young awe GM, pitcha mstaafu, jitu refu kama mlingoti. 2021 wakapoteza mechi 102. Novemba ya mwaka huo huo wakati watu wanawacheka, wakasaini Corey Seager miaka 10 kwa dola milioni 325 na Marcus Semien miaka 7 kwa milioni 175, haraka haraka kwasababu mkataba wa ligi na chama cha wachezaji ulikuwa unaisha tarehe 1 Desemba na kweli kesho yake ligi ikafungwa, hamna kusaini mtu mpaka Machi 2022. Msimu wa 2022 bado wakapoteza mechi 94. Oktoba wakamchukua Bruce Bochy, mzee ameshastaafu na vikombe vitatu vya Giants mkononi, awe meneja. Desemba wakamleta pitcha Jacob deGrom, milioni 185. Mi hapa nikabishana na jamaa yangu mmoja wa vipuri Makoroboi mpaka tukawekeana sato wa kuchoma, nikamwambia deGrom ndo atawapa ubingwa. deGrom akaanza mechi 6 tu, mkono ukagoma, akafanyiwa upasuaji. Rangers wakabeba ubingwa wa 2023 hivyo hivyo, wa kwanza kwenye historia yao, na Seager akawa mchezaji bora wa fainali. Sato nilimnunua mimi, jamaa alisema umesema deGrom hukusema Rangers, na kwa kweli alikuwa sahihi. Ila ona mpangilio: ofisi, kisha wachezaji wa mapema, kisha kocha, kisha jina la kutingisha gazeti. Jina ndo lililofeli.

Ukishajua ofisi, nenda kwenye aina ya mkataba, maana kichwa cha habari kitasema tu "asajiliwa". Hapo kuna mtego. Kama ni mkataba wa ligi ndogo na mwaliko wa kambi ya mazoezi, huyo kaja kufanya majaribio, sio usajili wa kushangilia, ukiona timu imesaini kumi wa hivyo wiki moja ni kawaida. Kama ni mkataba wa ligi kuu basi kaingia kwenye orodha ya watu 40, na mtu akiingia humo na orodha imejaa lazima mwingine atoke, kwaiyo tafuta aliyetolewa, wakati mwingine habari yenyewe ni huyo. Wanaocheza siku hadi siku ni 26 tu kati ya hao 40.

Halafu utasikia ofa ya mwaka mmoja ambayo timu inampa mchezaji wake anayeondoka, Novemba 2025 ilikuwa dola milioni 22 na elfu 25. Akiikataa akaenda kwingine, timu mpya inapoteza nafasi moja au zaidi za kuchagua vijana, ndo maana utaona mchezaji mzuri anakaa hadi Februari hana timu, sio kwamba mbovu, ana mzigo mgongoni.

Na hela zenyewe usizisome juu juu. Ile milioni 700 ya Ohtani ya miaka 10, kila mwaka anachukua milioni 2 tu, milioni 680 zilizobaki analipwa kuanzia 2034 mpaka 2043, bila riba. Yaani kama mtu kakuuzia mtumbwi na injini, akakwambia we vua tu utanilipa wanao wakianza sekondari. Mambo ya kodi ya anasa nayaruka, ni marefu na kichwa kitauma.

Tetesi sasa. Siku moja kabla ya Ohtani kutangaza, watu walikuwa wanafuatilia kindege binafsi kimetoka California kinaenda Toronto, ikasemwa yumo, mashabiki wa Blue Jays, timu ya huko Toronto, wakaanza sherehe. Kikatua, akashuka mfanyabiashara wa Kikanada na familia yake. Mi mwenyewe nilishaandika kwenye grupu kwamba imeisha hiyo. So subiri timu itangaze, au angalau waandishi wawili watatu tofauti waseme kitu kimoja, na wote wawe wanaweka miaka na hela, sio "mazungumzo yamefikia pazuri".

Kwa wale watakaosema haya ni mambo ya wazungu: mwaka 2022 Dodgers walisaini vijana wawili Waganda, Ben Serunkuma na Umar Male, hapo ng'ambo ya ziwa tu. Na toka 2012 watoto wa Lugazi walishacheza mashindano ya dunia ya watoto Marekani na mechi wakashinda. Dirisha la vijana wa nje linafunguliwa tarehe 15 Januari, hilo nalo liweke kwenye daftari, na ukiona timu yako imeajiri mtu wa skauti wa kimataifa mwezi wa 11 basi tarehe hiyo iangalie mara mbili.

Kwenye daftari andika hivi tu: jina, katoka wapi, mkataba wa aina gani, nani katolewa. Ukurasa wa nyuma weka watu wa ofisini na walikotoka. Katikati ya Februari mapitcha na makecha wanaripoti kambini Florida na Arizona, hapo ndo unalifungua tena na kuanza kuweka tiki, nani yupo kwenye 26 nani karudishwa ligi ndogo, na wale wa majaribio utashangaa kuna mmoja au wawili wamepenya.