Kubanwa na mkojo kila saa: kibofu hufundishika

Wanawake wanaofika zahanati kwetu, hapa Muheza, huniambia jambo hili wakiwa wameshasimama kuondoka: "Nesi, na mkojo nao unanisumbua." Nikimketisha tena ndipo yanatoka yote. Kila saa yuko chooni, usiku haulali, na akibanwa ni akimbie au kanga ilowe. Safari ya Dar ameiacha, maana ataona haya kumwomba dereva kila mara asimame akachimbe dawa. Na wengi wameshameza dawa za UTI dozi juu ya dozi pasipo kupimwa, jambo linaloniumiza sana.

Kwa hiyo anza na kipimo, cha mkojo na cha sukari. Kubanwa hivi kunaweza kuletwa na maambukizi, kisukari, mimba, mawe, tezi dume kwa wanaume, na kwa sisi wa mito na mabwawa, kichocho, hasa mkojo ukimalizikia na damu. Taja na dawa unazotumia, kwani vidonge vingine vya presha hukojosha. Hayo yote yasipokuwepo, tatizo ni kibofu chenyewe: msuli wake unajikaza kabla hakijajaa. Kibofu cha mtu mzima hubeba kama mililita 300 hadi 500. Hiki kinadai choo mapema mno.

Chukua daftari. Kwa siku tatu andika saa, ulichokunywa, kiasi ulichokojoa (tenga kopo lenye alama za mililita kwa kazi hiyo tu) na kama ulivujisha. Daftari husema mengi. Mara nyingi tunakuta chai ya rangi, kikombe baada ya kikombe, tangu alfajiri. Kafeini huchokoza kibofu. Ipunguze kidogo kidogo, ukiikata ghafla kichwa kitauma. Ila maji usijinyime! Mkojo uliokolea huchokoza kibofu zaidi, na choo kikiwa kigumu nacho hukibana. Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku zinatosha wengi, isipokuwa daktari wa moyo au figo amekupangia vingine. Jioni punguza.

Kisha mafunzo yenyewe. Kama daftari linaonyesha unakwenda kila saa moja, wiki hii nenda kila saa na robo, halafu ongeza dakika 15 kila wiki mpaka ufike saa tatu au nne. Na ile tabia ya kwenda chooni bila kubanwa, "nisije nikasumbuka njiani," iache, kwani inakizoesha kibofu kudai kikiwa na kidogo.

Ukibanwa kabla ya wakati, usikimbie. Haja huja kama wimbi, hupanda na kushuka. Simama au keti, kaza haraka haraka mara tano au sita ile misuli unayozuia nayo upepo usitoke, pumua taratibu, ikipoa ndipo utembee. Mahali pagumu ni mlangoni, ufunguo ukiwa mkononi. Mama mmoja muuza ndizi alikuwa akilowa pale pale kila jioni. Tukakubaliana aketi kwanza barazani, aweke beseni chini, akaze, na asiguse kufuli mpaka haja itulie. Siku hizi anafungua mlango akiwa mkavu.

Misuli hiyo hiyo ifanyie mazoezi kila siku: kaza, shikilia hadi sekunde 10, legeza kwa muda huo huo, mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Usizuie pumzi wala kubana matako, na usifanyie mazoezi katikati ya kukojoa. Yape miezi mitatu.

Yasipotosha, daktari anaweza kukuandikia oksibutinini, tolterodini au solifenasini. Hulegeza kibofu, lakini hukausha mdomo na kufunga choo, na wazee zinaweza kuwachanganya akili. Mwenye presha ya macho aseme mapema. Mirabegroni haikaushi sana mdomo, ila inaweza kupandisha presha ya damu.

Usisubiri mazoezi ukiona damu, homa yenye maumivu ya kiuno, mkojo umeziba, au miguu imelegea ghafla. Na mama anayevuja mchana na usiku tangu ajifungue, bila hata kubanwa, huyo huenda ana fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayataiziba, inahitaji upasuaji, na hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, huufanya bila malipo.