SOMO: Kuunganisha mamlaka za maji za kanda zisaidiane (soma yote kabla hujauliza)

Wakuu habari za Tanga. Swali hili naulizwa kila mara, leo naliandika moja kwa moja.

1. Chagueni tatizo moja. Upotevu wa maji, au madeni ya bili. Moja tu.

2. Anzeni na majirani. Moshi na Korogwe wako bonde lilelile la Pangani, mnaelewana haraka.

3. Kubalianeni namba, na hapa ndo mitandao mingi ya mamlaka kusaidiana inapofia. Upotevu ni maji mliyozalisha toa mliyotoza bili, sawa, ila mwenzenu mmoja ana mita kubwa mtamboni na mwingine hana, anachukua masaa ya pampu anazidisha na uwezo ulioandikwa kwenye kibati, wakati pampu imechakaa haitoi tena kiasi hicho, basi uzalishaji unaonekana mkubwa na upotevu unapaa kwenye karatasi, mkurugenzi anaona ameaibishwa na mwezi unaofuata haleti taarifa. ANGALIZO: msilinganishe asilimia peke yake. Anayetoa maji kwa mgao bomba zake ziko tupu nusu ya siku, lazima avujishe kidogo. Wekeni na masaa ya huduma, na lita zinazopotea kwa kila mteja kwa siku. ANGALIZO tena: hizo namba zibaki ndani. Kupanga nani wa kwanza nani wa mwisho EWURA, wadhibiti wa huduma za nishati na maji, wanafanya kila mwaka, nyie mmekutana kusaidiana.

4. Safirisheni mafundi, sio mabosi tu.

5. Hakuna kutozana faida. Ndo msingi wa ushirikiano wa aina hii hata kule GWOPA, mtandao wa dunia wa watoa huduma za maji kusaidiana, ulioanzishwa 2009 chini ya UN-Habitat.

6. Hati ya makubaliano, kurasa mbili, ipite bodi.

MASWALI

Mdau: Mkuu naomba sampuli ya hati tuanze nayo.
Jibu: Hati ni namba 6. Ya 3 mmefanya?

Mdau: Hii si kazi ya ATAWAS, umoja wa watoa huduma za maji Tanzania? Unarudia tu.
Jibu: ATAWAS ni ya nchi nzima, na kundi dogo la kanda haliizuii. Fundi akikwama saa nne usiku anahitaji jirani wa kumpigia.

Mdau: Kaka, sisi mita kubwa hatuna na hela ya kununua hatuna. Tujiunge vipi?
Jibu: Swali zuri sana dada. Azimeni ile ya kufunga nje ya bomba, haikati bomba, jirani mwenye nayo aje apime mtiririko halisi wa pampu yenu, kuanzia hapo masaa yenu yatakuwa na maana. Faida ya kwanza ya mtandao ndo hiyo.

Mdau: Na vyanzo je? Huku mto unakuja na tope.
Jibu: Waiteni wakulima wa juu. Huku Tanga maji ya bwawa la Mabayani yanatoka mto Zigi, na UWAMAKIZI ni umoja wa wakulima wa hukohuko milimani wanaohifadhi kingo. Tope likipungua dawa ya kusafishia maji nayo inapungua.

Mdau: Mita ya nyumbani nayo naijuaje kama inadanganya?
Jibu: Funga bomba zote, hakikisha mita imesimama, jaza ndoo ya lita 20 uliyoipima, soma namba kabla na baada. Rudia mara kadhaa, halafu nenda ofisini na hizo namba.