Kabla hujasema mtoto wa mbwa ni mkorofi, mshike tumbo

Mfugaji mmoja wa Buswelu, Mwanza, alinionyesha mtoto wa mbwa wa wiki sita aliyekuwa akiwang'ata watoto. "Huyu amezaliwa na roho mbaya," akaniambia. Nikamshika. Tumbo limejaa kama ngoma, mbavu zinahesabika, manyoya hayana nuru. Nilipombonyeza kidogo alilia, akageuka kuning'ata na mimi. Tulimpa dawa ya minyoo, na kesho yake akatoa minyoo myeupe kama tambi.

Yule alikuwa na maumivu tu. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi, mtoto wa mbwa anajifunza binadamu ni nani. Utumbo na ubongo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu, hivyo tumbo likiuma, akili haitulii. Kila mkono unaomgusa ukimletea maumivu, anakua akiogopa mikono, na mbwa mwoga ndiye anayeng'ata wageni na wenyeji.

Minyoo hii haisubiri. Mtoto huipata angali tumboni mwa mama yake, na mingine kwenye maziwa. Anza dawa wiki ya 2, rudia kila baada ya wiki mbili hadi ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi sita. Mama naye apewe. Pima uzito kwanza, usikadirie kwa macho. Kinyesi kifukie, maana mayai ya minyoo hiyo huwadhuru hata watoto wetu.

Huku kwetu ziwani chakula ni rahisi kupata, ila kina mitego. Mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, yana miba inayochoma utumbo. Chemsha, utoe miba yote, mpe nyama na mchuzi. Dagaa walioanikwa chini hubeba mchanga, waoshe mpaka maji yatoke safi, uwapike na uji mzito wa dona. Anza kumwonjesha akiwa na wiki 4, lakini usimtenge na mama yake kabla ya wiki 8. Maziwa ya ng'ombe mengi humharisha.

Akiharisha, tafadhali usikimbilie kumchoma sindano ya antibayotiki iliyobaki kwa ng'ombe. Inaua na bakteria wazuri wa utumbo. Kama anaharisha damu, anatapika na amelegea, huenda ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa: mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Chanjo yake huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16.