Laptopu nyembamba ya bei juu na ya bei nafuu: zipime hivi kabla hujatuma pesa

Mimi ni fundi wa laptopu hapa Kisumu, kibanda changu kiko hatua chache kutoka Oginga Odinga Street. Najua walimu wa Kiswahili wangependa niseme kipakatalishi, lakini sijawahi kumsikia mteja akilitamka, kwa hiyo mniruhusu niseme laptopu.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa Ahero alikuja na elfu 40 na laptopu mbili alizoachiwa azijaribu. Moja ilikuwa mpya kabisa, nyembamba, bado ina harufu ya boksi: prosesa Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi) GB 4, diski ya eMMC GB 64. Nyingine ilikuwa HP EliteBook 840 G5, ile wauzaji wanaita "ex-UK", yaani mtumba wa Uingereza, imekwaruzwa kidogo mgongoni: prosesa Core i5, RAM GB 8, SSD (diski ya kasi) GB 256. "Fundi," akasema, "hii mpya ni nyembamba kama daftari. Niambie kwa nini nisiichukue."

Nitawaonyesha tulivyozipima. Zote mbili ni nyembamba, ila wembamba huja kwa njia mbili. Laptopu iliyokuwa ghali ilipotoka kiwandani imepunguzwa unene kwa alumini, magnesi au nyuzi za kaboni. Ya bei nafuu imepunguzwa kwa kuondoa vitu: nafasi ya RAM, nafasi ya diski, mara nyingine hata feni. Kwa hiyo swali langu la kwanza huwa ni nini kimelehemiwa kwenye bodi. Hicho ndicho utaishi nacho. Vingine vyote tunaweza kubadilisha hapa kibandani.

Hatua ya 1: Uzito, pamoja na chaja

Omba mizani duka la jirani. 840 G5 ina kama kilo 1.5, na nyingi za bei nafuu za inchi 14 hazipishani sana na hapo. ThinkPad X1 Carbon huwa karibu kilo 1.1, na hiyo tofauti utaisikia begani ukipanda boda kila siku. Angalia pia kama inachaji kwa USB-C. Ikiwa ndiyo, chaja moja ya wati 65 itakutosha wewe na simu yako.

Hatua ya 2: Tafuta kilicholehemiwa

Usiharakishe hapa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda Performance, halafu Memory. Chini kuna mstari wa "Form factor". Ukisoma SODIMM, RAM iko kwenye nafasi yake na inachomoka. Ukisoma "Row of chips", imelehemiwa, na hiyo GB 4 itakuwa GB 4 mpaka siku laptopu itakapokufa. 840 G5 ina nafasi mbili, unaweza kufika GB 32.

Kisha gusa Disk kwenye ukurasa huohuo, utaona aina na ukubwa wake. eMMC ni kama memori kadi iliyogandishwa kwenye bodi: ni ya polepole kuliko SSD na haibadilishiki. Windows 11 yenyewe inataka diski isiyopungua GB 64, maana yake mwenye GB 64 ameanzia mlangoni kabisa. Mwanafunzi mmoja wa Maseno aliniletea ya namna hiyo ikilia kwamba nafasi imekwisha. Hakuwa na filamu wala muziki ndani. Masasisho peke yake yalikuwa yameijaza, na nilichoweza kufanya ni kufagia mafaili ya muda tu, nikijua atarudi.

Hatua ya 3: Kizazi cha prosesa

Usisome stika, stika hubandikwa. Fungua Settings, System, About. Namba kama i5-8250U inakuambia ni kizazi cha 8. I5-7300U ni cha 7. I5-10210U ni cha 10. Kwa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8, na msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ile i5-8250U ina viini 4 (kila kiini ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa), wakati i5-7300U ina 2, kwa hiyo kuvuka kizazi hicho kimoja si jambo dogo. Celeron N4020 nayo ina 2, tena vya wati chache. Kuandika barua itakuwezesha. Kufungua Zoom na kurasa kumi za intaneti, utasubiri.

Hatua ya 4: Bawaba

Laptopu nyembamba za bei nafuu huvunjika hapa. Inua kifuniko kwa kona moja, polepole, sikio karibu. Ukisikia mlio wa plastiki, acha. Tazama pembeni mwa bawaba: je, kuna ufa mwembamba, au nafasi inayofunguka kifuniko kinapoinuka na kujifunga kikishuka? Ndani mwake bawaba hushikiliwa na skrubu zilizoingia kwenye vinati vidogo vya shaba, na vinati vyenyewe vimepachikwa kwenye plastiki. Bawaba ikikaza, plastiki ndiyo inayoachia. Nikifungua laptopu ya hivyo, vinati hunidondokea mezani kama mbegu za papai. Narudisha kwa gundi ya epoksi, lakini nakuambia wazi kuwa ni kiraka. Kwenye mwili wa chuma, skrubu huwa imeshika chuma.

Hatua ya 5: Betri, kwa hesabu

Kwa mtumba hii ni lazima. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotajwa. Linganisha Design Capacity na Full Charge Capacity. Ile EliteBook ya mwalimu ilikuwa 50,000 mWh ilipotengenezwa. Sasa inajaa 31,000, yaani asilimia 62, au wati 31 kwa saa moja. Kazi nyepesi ikila wati 8, hizo ni saa tatu na dakika hamsini hivi. Kwa mtu anayekatikiwa stima jioni akiandaa mtihani, inatosha kwa shida. Chini ya asilimia 70 mimi huomba bei ya betri ipunguzwe palepale.

Hatua ya 6: Mlangoni na juani

Toa laptopu hadi mlangoni saa nane mchana. Skrini hafifu utaiona inageuka kioo cha kunyolea. Inamishe mbele na nyuma: rangi zikigeuka kama picha iliyochomwa, hiyo ni TN, skrini ya aina ya chini, si IPS inayoonekana vizuri kutoka kila upande. Halafu cheza video dakika 15 kwenye joto letu hili na uguse chini yake. Jaribu kila kitufe pia, na usiandike Kiswahili peke yake, maana utamaliza ukurasa mzima hujagusa Q wala X.

Hatua ya 7: Kufuli

Zima, washa, bonyeza F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell. Ikikuomba nywila kabla ya kuingia kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayowaka kabla ya Windows), mrudishie mwenyewe. Nyingi zilikuwa za kampuni huko nje, na mimi mwenyewe niliwahi kununua moja hivyo kwa haraka. Mpaka leo ni akiba ya vipuri. MacBook Air ya M1, ya mwaka 2020, ni nzuri sana kwa mtumba: kilo 1.29, haina hata feni. Lakini RAM na diski zote zimelehemiwa, kwa hiyo nunua ukubwa utakaohitaji baadaye, na hakikisha imefutwa na inawaka mpaka mwisho bila kudai akaunti ya mwenye zamani.

Je, mpya ya bei nafuu haifai kamwe? Inafaa ukiipata yenye GB 8 na SSD inayochomoka, pamoja na waranti ambayo duka liko tayari kuiandika kwenye risiti. Ile mpya aliyoleta mwalimu haikuwa na hata kimoja.

Akachukua EliteBook, akapunguziwa pesa ya betri. Baada ya wiki mbili akarudi, nikajua ni bawaba. Kumbe alikuwa hawezi kuandika barua pepe: akibonyeza @ zinatoka alama za kunukuu. Vitufe vimechapwa kwa mpangilio wa Uingereza, ile alama ya pauni ikiwa juu ya 3, lakini Windows ilikuwa imewekwa ya Marekani. Settings, Time & language, Language & region, ongeza kibodi ya United Kingdom. Dakika moja, sikumlipisha.