SOMO: Uzito wa dema (mtego wa samaki). Mawe gani, kiasi gani, na yafungwe vipi

Kila kusi ikianza kuvuma napigiwa simu na vijana wenye swali moja: "Mzee, dema langu limehama, nifanyeje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Nazungumzia dema la mianzi la pembe sita, upana kama mita 1.5, linalotegwa kwenye nyasi na kando ya mwamba huku kwetu kaskazini Unguja. Wenye dema kubwa zaidi wataongeza.

Hatua ya 1. Dema jipya liloweke siku kadhaa pwani, kina kifupi, ulifunge vizuri. Mwanzi mkavu unaelea.

Hatua ya 2. Uzito upime majini, si nchi kavu. Jiwe likizama hupungukiwa na uzito sawa na wa maji linayoyasukuma, na kila kitu hupungua kwa kiasi chake. Mimi nina mizani ya kuning'iniza. Nalitia jiwe kwenye kitanzi, nalizamisha kwenye pipa la maji bila kugusa chini, nasoma. Jiwe la shamba lenye matundu, kilo 10 nchi kavu, majini halikufika 5. Chuma cha kilo 10 hubaki na karibu 8.7. Zege nalimimina kwenye kopo la rangi la lita 4, linatoka kilo 9.6 hivi, na baharini hubaki 5.5. Kwa hiyo mtu akikwambia "tia kilo ishirini", muulize ishirini za kitu gani.

Hatua ya 3. Usivunje tumbawe kufanyia uzito. Ndiyo nyumba ya samaki unaowatafuta. Na betri chakavu za gari usizitumie hata ukipewa bure, madini ya risasi yaliyomo ni sumu. Ukimimina zege, pitisha kipande cha bomba la plastiki katikati lipate tundu la kamba. Wengi hutia kulabu ya nondo. Nondo inashika kutu, kutu inakuwa kama msumeno.

Hatua ya 4. Kufunga. Hapa ndipo nilipoharibu mimi, basi someni taratibu.

Mwaka wa kwanza wa kutega peke yangu nilifunga mawe chini ya dema, kila jiwe kwa kitanzi kimoja cha nailoni, yakining'inia. Nilidhani yatashika chini kama nanga. Siku ya tatu tukafika mahali petu, tukapiga alama, minazi miwili na mnara wa msikiti, hapana boya hata moja. Nikavaa miwani nikazama. Mawe yote yalikuwa pale pale, yamelala kwa jozi kama nilivyoyashusha. Vitanzi vimekatika palipogusa mwamba, kila kimoja mahali palepale. Madema mawili hayakuonekana tena. La tatu tulilikuta ufukweni limevunjika mbavu, na ndani samaki aina ya tafi wameoza. Wale tafi ndio walioniumiza zaidi.

Sababu ni kwamba jiwe linaloning'inia linacheza na kila wimbi, na kamba iliyo kati ya jiwe na mwamba inasagika usiku na mchana. Basi jiwe lisicheze. Livishe kipande cha wavu chakavu, liweke ndani ya dema juu ya sakafu, kwenye pembe, na ulibane kwenye mbavu kubwa, si kwenye msuko. Funga mara mbili kwa kamba mbili mbalimbali, ili moja ikikatika nyingine ibaki. Kamba ikilazimika kupita chini ya dema, ipitishe kwanza kwenye kipande cha mpira wa maji wa zamani.

Onyo: usilitupe jiwe ndani bila kulifunga. Litabingirika, litavunja fito, litawaponda samaki.

Onyo la pili: gawa uzito sawasawa pande mbili zinazoelekeana. Upande mmoja ukizidi, dema linashuka limeinama na kutua kwa ubavu, mlango unatazama juu. Unaweza kukaa wiki nzima ukilaumu chambo.

Kwenye mkondo mkali, uzito wa ndani peke yake hautoshi. Ongeza jiwe la nanga nje, ulifunge kwa kamba ya mita 5 hivi, ulishushe upande maji yanakotoka, dema lifuate. Maji yakigeuka, dema likisogea haliwezi kupita urefu wa kamba hiyo.

Hatua ya 5. Kamba ya boya ipimwe kwa maji ya bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana. Huku kwetu bamvua kubwa hujaa na kupwa kwa karibu mita 4. Ukipima kamba maji yamekupwa ukaridhika, usiku yakijaa boya litalinyanyua dema kwa pembe moja na kulitembeza. Chukua kina cha kupwa, ongeza 4, kisha ongeza mita 2 au 3 za kulegea.

Hatua ya 6. Mlango wa kutolea samaki ufunge kwa uzi wa pamba, si nailoni. Dema likipotea, uzi utaoza, mlango utafunguka, samaki watatoka. Bila hivyo linaendelea kuua bila mwenyewe.

Hatua ya 7. Dema jipya litege kwanza maji mafu, siku maji yanapojaa na kupwa kidogo, ulione linavyokaa.

MASWALI

Mvuvi Mpya: Somo refu mzee. Kwa kifupi ni kilo ngapi?

Jibu: Hakuna kilo moja ya kila mahali. Soma hatua ya 2, kisha niambie kina chako, chini kuna nini, na mkondo ukoje.

Mvuvi Mpya: Nimesoma. Mita 5, nyasi, maji yametulia. Nitatumia zege.

Jibu: Sasa tunaelewana. Anza na makopo mawili, moja kila upande. Likisogea, ongeza la tatu na la nne pamoja, usiongeze moja.

Fundi Madema: Babu yetu alitia mawe ndani bila kufunga miaka yote na alipata samaki. Haya ya mizani ni mambo ya kisasa.

Jibu: Simkosoi babu yako, Mungu amrehemu. Lakini alitega wapi? Ndani ya mwamba, maji kimya, jiwe halibingiriki. Mimi nimezama nikayaona mawe yangu kwa macho yangu. Sikusimuliwa.

Mgazi: Shikamoo mzee. Huku Gazi, Kenya, tunaita malema. Kwa nini maji mafu dema linatulia na bamvua linahama, na uzito ni uleule? Mkondo hauongezeki sana kwa macho.

Jibu: Marahaba mwanangu, swali zuri sana hili. Mkondo ukienda kasi mara mbili, msukumo wake juu ya dema hauwi mara mbili, unakuwa mara nne. Kasi ikiwa mara tatu, msukumo mara tisa. Jicho linaona maji yameongeza mwendo kidogo, dema linaona mzigo mwingine kabisa. Tena mwani ukinasa kwenye msuko, dema linakuwa kama ukuta. Lisafishe kila unapolitoa, utapunguza msukumo bila kuongeza hata jiwe moja.

Mgazi: Asante sana. Na viroba vya mchanga?

Jibu: Vinafaa. Mchanga mkavu wa kilo 10, ukiwa majini, hubaki na kama 6, hauko nyuma ya zege. Tabu yake ni kiroba. Jua linakioza haraka, na mwamba unakitoboa. Tumia viwili, kimoja ndani ya kingine, usivianike juani, na utumie penye mchanga au nyasi tu.

Binti Paje: Mimi si mvuvi, ni mkulima wa mwani. Cottonii, aina ya mwani tunaolima, imekuwa ikitufia maji mafupi kwa joto, tumehamia kina kirefu na kamba za kuelea. Nanga zetu za viroba zinaburutwa. Tuongeze mchanga?

Jibu: Karibu dada. Kabla ya mchanga, tazama urefu wa kamba ya nanga. Ikiwa fupi, boya linakinyanyua kiroba moja kwa moja juu. Irefushe ifike kama mara tatu ya kina, ivute kwa ulalo, kiroba kibaki kimelala. Ikiendelea kuburutwa, ndipo uongeze uzito. Kumbuka pia mwani unavyokua, mkondo unaukamata zaidi. Nanga iliyotosha siku ya kupanda inaweza isitoshe karibu na kuvuna.

Binti Paje: Kamba zetu ni mara moja na nusu tu. Tutazirefusha kabla bamvua hili halijaja.

Nahodha Kizimkazi: Naongeza moja. Hizi kamba za plastiki tunazoita manila zinaelea. Maji yakipwa, ile mita ya kulegea inalala juu, mashine ya boti inaikata. Tia kijiwe kidogo katikati ya kamba, kizamishe sehemu iliyolegea.

Jibu: Kweli kabisa, niliisahau. Kiwe kidogo, gramu mia mbili tatu, kivishwe wavu vilevile kama mawe ya ndani.

Kijana wa Tanga: Mzee dema langu limehama nifanyeje

Jibu: Hatua ya 4 na ya 5. Ukishasoma, niambie ulifunga vipi, na nitakusaidia.